Maswali Yenu, Majibu Yetu: Nyota wa kikapu akisema dunia ni bapa

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: wanamichezo mashuhuri wanaokana mambo ambayo sayansi ilishayathibitisha zamani, na namna sisi mashabiki tunavyowapokea. Tumechagua tano. Anayejibu ni jopo la safu hii.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha pili. Wanafunzi wangu watatu walikuja na kipande cha mahojiano ya Kyrie Irving, mchezaji wa kikapu wa Marekani, akisema dunia ni bapa. Nikacheka, darasa zima likacheka, wale vijana wakanuna. Wiki iliyofuata wamekuwa saba. Nifanyeje? (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Mwalimu, anza na mtu mwenyewe kabla ya dunia. Irving alisema hayo Februari 2017, kwenye podikasti ya wachezaji wenzake wa Cleveland Cavaliers. Miezi minane tu kabla yake alikuwa amefunga ile pointi tatu ya mchezo wa saba dhidi ya Golden State iliyoipa Cleveland ubingwa wa NBA wa 2016. Kwa kijana wa miaka 15, mtu wa namna hiyo hakosei. Watu wengi walimpokea kwa kejeli, na kejeli ile haikumbadilisha mtu yeyote. Kijana aliyechekwa mbele ya wenzake anaacha kutetea hoja, anaanza kutetea heshima yake, na rafiki zake wanahamia upande wake. Ndiyo maana watatu wamekuwa saba.

Jambo ambalo pengine hawalijui ni kwamba Oktoba 2018, akiwa Boston, Irving aliomba radhi hadharani. Aliwataja walimu wa sayansi waliokuwa wakimwendea kumlalamikia kwamba sasa imewabidi kufundisha upya somo zima. Kipande cha kwanza kimezunguka dunia, hiki cha pili wachache wamekiona. Waoneshe vyote viwili, usiongeze neno, kisha uwapeleke uwanjani.

Tafuta shule ya Mtwara mshirikiane nayo. Mombasa na Mtwara ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na kati yake kuna kilomita 690 hivi ukipima upande huo. Kila shule iwe na fimbo iliyonyooka, au kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, uzi wenye nati nzito wa kutumia kama timazi, na kadi ngumu yenye tundu la milimita 5. Kadi ifungwe ilale juu ya fimbo, tundu liwe mita 1 kamili kutoka chini. Kabla jua halijafika juu, teremsha timazi kupitia tundu lenyewe, tia alama pale nati inapogusa, kisha ondoa uzi. Alama hiyo ndiyo sifuri yenu. Msipime kutoka kwenye shina la fimbo.

Kadi tunaisisitiza kwa sababu jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi angani. Kwa hiyo ncha ya kivuli cha fimbo tupu huwa na ukungu wa karibu sentimita nzima, na wanafunzi watagombana wakate wapi. Tundu linatoa kiduara cha mwanga chenye kingo mnazoziona. Pimeni hadi katikati yake.

Usitegemee saa sita kamili ya simu. Adhuhuri ya jua Mombasa mwezi Juni inaangukia kama saa 6:23 mchana, na Mtwara dakika mbili hivi kabla yake. Anzeni saa 6:05, mtie alama kila baada ya dakika tano hadi 6:40, mchukue ile iliyo fupi kuliko zote. Tarehe 21 Juni, kwa tundu la mita 1, Mombasa itapata takriban sentimita 52 na Mtwara sentimita 66.7. Vivuli vyote vitaelekea kusini. Kwenye kikokotoo, andika vivuli katika mita, uvibadilishe kuwa pembe kwa tanjenti geuzi (kitufe cha tan⁻¹): nyuzi 27.5 na nyuzi 33.7. Tofauti ni 6.2. Zidisha 690 kwa 360, gawa kwa 6.2, unapata kilomita 40,000 na kidogo, na huo ndio mzingo wa dunia. Eratosthenes alitumia njia hiyohiyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akilinganisha Aswan na Alexandria. Kama shule zimefungwa Juni, siku yoyote ya jua inafaa, mradi pande zote mbili zipime siku moja adhuhuri ya jua; vivuli vikielekea pande tofauti, jumlisheni pembe badala ya kutoa.

Na usisahau hili: kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi anatarajia vivuli viwe sawa au vitofautiane, na kwa nini. Wale saba wapewe kazi ya kushika rula. Mtu hukubali upesi zaidi namba aliyoisoma kwa macho yake kuliko ile aliyoandikiwa ubaoni.

SWALI: Klabu yetu ya sayansi ilipima vivuli siku moja na wenzetu wa Tanga. Tofauti ya pembe tulipata nyuzi 4.9, umbali kilomita 800, mzingo ukatoka 58,800. Sasa wanaosema dunia ni bapa wanatucheka. Tumekosea wapi? (Klabu ya Sayansi, Lindi)

JIBU: Pembe yenu ni nzuri sana, msiiguse. Kosa liko kwenye 800, kwa kuwa hizo ni kilomita za basi. Barabara inazunguka, inaingia Chalinze, inashuka Dar es Salaam, inakwepa mito. Hesabu hii inataka umbali wa kaskazini na kusini peke yake. Chukueni latitudo za miji yote miwili kwenye ramani, mpige mstari ulionyooka: kuna kama kilomita 545. Rudieni hesabu kwa 545 na mtapata karibu 40,000.

Msifikiri bahati itawabeba kila mara, lakini. Kwa umbali mfupi kama wenu, kosa dogo la timazi linaharibu kila kitu. Kichwa cha fimbo ya mita 1 kikiinama kaskazini au kusini kwa sentimita 1.7 tu, hiyo ni nyuzi moja nzima, na 4.9 yenu itageuka 5.9 au 3.9. Mzingo utasoma 33,000 au 50,000. Sakafu nayo inadanganya: uwanja wa shule huwa na mteremko wa kupitisha maji ya mvua. Wekeni ubao chini, muusawazishe kwa pima maji ya fundi, ndipo mpime juu yake. Mkiandika matokeo, andikeni pia kosa mnalolikadiria. Namba isiyo na kiasi cha kosa ndiyo inayowapa wapinzani mwanya.

SWALI: Nimekulia Unguja, naishi Muscat. Jamaa yangu mpenzi wa kikapu anasema vivuli havithibitishi chochote: dunia inaweza kuwa bapa na jua likawa karibu, vivuli vikatofautiana vilevile. Nilikosa jibu. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ndugu yetu, jamaa yako ameuliza swali zuri kuliko wengi wanaomkejeli, na ni haki yake kujibiwa sawasawa. Ni kweli kwamba kwa miji miwili peke yake, meza bapa yenye jua la karibu inaweza kutoa vivuli vilevile. Walimu wengi hawalisemi hili, na mwanafunzi mwerevu akiligundua mwenyewe anadhani amefichwa kitu. Mji wa tatu ndio unaoamua, na wewe unaishi kwenye mji unaotufaa kabisa.

Tarehe 21 Juni jua linapita karibu utosini kabisa Muscat, kama saa 6:08 mchana. Fimbo ya mita 1 itakuwa na kivuli cha milimita tatu hivi, kikielekea kaskazini. Sasa chukulia dunia ni bapa na utafute urefu wa jua. Kwa vivuli vya Mombasa na Mtwara, sentimita 52 na 66.7, gawa kilomita 690 kwa tofauti yake katika mita, 0.147: jua linakuwa kilomita 4,700 juu. Kwa Muscat na Mombasa, umbali wa kaskazini na kusini ni kilomita 3,060 hivi na tofauti ya vivuli ni 0.523 (tunajumlisha kwa kuwa vinaelekea pande tofauti), kwa hiyo jua linakuwa kilomita 5,900 juu. Jua ni moja na siku ni moja, lakini urefu umetofautiana kwa kilomita 1,200.

Kisha fanya hesabu ya tufe kwa miji hiyohiyo. Mombasa na Mtwara zinatoa 40,000. Muscat na Mombasa, zenye tofauti ya nyuzi 27.6 hivi, zinatoa 39,900. Mwombe jamaa yako achague mwenyewe mji wa nne, tena ahesabu mwenyewe. Usiku mtoke pamoja mwitafute nyota ya kaskazini. Huko Muscat nyota hiyo iko juu ya upeo kwa nyuzi 23 hivi, na Unguja hamkuwahi kuiona.

SWALI: Stephen Curry, nyota mwingine wa kikapu, alisema binadamu hajafika mwezini. Kwa nini yeye hakuandamwa kama Irving? (Mvuvi, Malindi)

JIBU: Aliandamwa, ila aliyemjibu kwanza alimjibu vizuri. Curry alisema hivyo kwenye podikasti Desemba 2018. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ikamwalika aende Houston, kwenye kituo cha Johnson, ayaone mawe ya mwezini kwa macho yake. Safari sita za Apollo zilizotua mwezini kati ya 1969 na 1972 ziliwashusha watu 12 na kurudi na kilo 382 za mawe na vumbi. Baadaye Curry alizungumza hadharani na mwanaanga Scott Kelly, akasema alikuwa akitania. Viatu vyake vilivyochorwa safari ya mwezini vikapigwa mnada, fedha zikaenda kwenye elimu ya sayansi. Katika visa vyote tunavyovijua, hili ndilo pokeo tunaloliona bora: NASA haikumtukana, wala haikujifanya kwamba kauli yake ilikuwa sawa.

Kwako wewe wa Malindi kuna ushahidi wa jirani kwamba dunia si bapa. Pale Ngomeni, kwenye majukwaa ya Waitaliano baharini, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina hilo kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Walichagua pwani yenu kwa sababu kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Kwenye dunia bapa isiyozunguka, hapangekuwa na faida yoyote ya kuja hadi Ngomeni.

SWALI: Mwanangu wa miaka 16 anacheza kandanda. Amekatwa na kipande cha bati uwanjani na anakataa sindano ya pepopunda. Anasema Djokovic wa tenisi na Aaron Rodgers wa futiboli ya Marekani walikataa chanjo ya korona na bado ni mabingwa. (Mzazi, Nairobi)

JIBU: Mama, au baba, hapa sauti yetu inabadilika. Dunia bapa haimuui mtu, pepopunda inaua. Mpeleke kituo cha afya leo, mabishano yatasubiri.

Kijana akisharudi, mweleze yaliyotokea. Djokovic aliondolewa Australia Januari 2022 baada ya viza yake kufutwa mara mbili. Rodgers aliulizwa mwaka 2021 kama amechanjwa, akajibu kwa maneno yaliyowafanya watu waamini amechanjwa. Novemba akapata korona, akakosa mchezo, akatozwa faini ya dola 14,650 na klabu yake dola 300,000. Hasira nyingi za watu zilikuwa kwa yale maneno ya kuzungusha. Na ni kweli, msimu huohuo Rodgers alitajwa mchezaji bora wa ligi, na Djokovic aliendelea kushinda mataji makubwa. Usimfiche hayo. Lakini mataji yanapima miguu, mikono na mapafu. Hayapimi kama damu ina kinga dhidi ya mdudu fulani.

Kwa pepopunda hoja ya mwili imara haisimami kabisa. Mbegu za bakteria wake zinakaa kwenye udongo na mavi ya mifugo, kwa hiyo uwanja wowote wa vumbi unazo. Kutu yenyewe haina kosa, tatizo ni jeraha la kina lenye uchafu, mahali pasipofika hewa. Huko bakteria wanatoa sumu kali mno, kiasi kwamba chembe inayotosha kuua haitoshi kuufundisha mwili kujikinga. Ndiyo maana hata aliyeugua akapona huhitaji kuchanjwa. Hakuna mazoezi yanayoleta kinga hii.

Aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, asilifunge kwa kulibana, wala asipake majivu, mafuta ya taa au dawa ya meno. Nendeni na kadi ya kliniki. Chanjo za utotoni hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama zilikamilika, kwa jeraha chafu au la kina anahitaji sindano ya kuongeza nguvu iwapo imepita miaka 5 tangu ya mwisho, na kwa jeraha dogo safi iwapo imepita miaka 10. Kama hazikukamilika au kadi imepotea, mwambie mhudumu waziwazi, kwa sababu huenda akahitaji pia kingamwili zilizo tayari, na atapangiwa kurudi kumaliza dozi. Dalili huchukua siku 3 hadi 21 kujitokeza. Taya zikikaza, shingo ikikakamaa au akishindwa kumeza, msisubiri asubuhi.