Jibu: Nitajuaje kama kuchoma majani shambani kumekatazwa?

Ndugu, umeuliza jinsi ya kujua mapema kama kuchoma majani shambani kwako, upande wa Kipushi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), kumekatazwa, kwa kuwa mwaka jana habari ilikufikia jirani akiwa amekwisha kuwasha.

Usingoje tangazo likufuate. Kabla ya kiangazi kukolea, nenda ofisi ya komini au kwa chifu wa eneo hilo, uulize huduma ya mazingira kama kuna katazo, linaanza lini, linahusu maeneo gani, na kibali kinatolewa na nani. Kisha uombe kuonyeshwa karatasi yenyewe, kwa sababu maneno ya njiani hubadilika haraka kuliko moto. Redio za mtaani husaidia, lakini mara nyingi hutaja katazo bila kutaja mipaka yake.

Kwa upande wa hatari yenyewe, ramani ya mtandaoni iitwayo FIRMS, ya NASA (shirika la anga la Marekani), huonyesha bila malipo sehemu zenye joto la moto, kwa kawaida ndani ya saa 3 tangu setilaiti ipite. Hata hivyo, ramani hiyo haitoi ruhusa, na moto mdogo au uliofunikwa na mawingu unaweza kuikwepa.

Mimi binafsi, hata nikiwa na kibali, sichomi mwezi wa 8 wala wa 9: majani ya misitu ya miombo yamekauka kabisa, na moto wa wakati huo huua miche, tofauti na ule wa mwezi wa 5, majani yakiwa bado na unyevu.