Muulize Fundi Moshi Utapita Wapi

Safari hii barua nyingi zimekuja za jiko la kuni na meko ya ukutani, naona watu wengi wako kwenye kutafuta fundi. Nimechukua tatu.

SWALI: Habari za kazi. Nataka kuweka jiko la kuni la chuma sebuleni, lile lenye mlango wa kioo. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza kakaa dakika kumi, kaangalia ukuta, kasema hii kazi ya siku moja, anatoboa nyuma ya jiko bomba linatokea nje hapo hapo basi. Wa pili kapanda mpaka darini, kapima, kauliza maswali mpaka nikachoka, na bei yake ni karibu mara mbili na anataka siku tatu. Mume wangu anasema jiko ni jiko tu, tumchukue wa kwanza. Mi roho inakataa. Nisaidie. (Mama Wawili)

JIBU: Dada, roho yako imeona kitu cha kweli, isikilize. Mwambie shemeji hivi, jiko lenyewe ndo sehemu rahisi ya kazi, hata wewe ukipata watu wawili wa kubeba mnalitua pale mkalipenda. Mnachomlipa fundi ni njia ya moshi.

Moshi unapanda kwa sababu ni wa moto na hewa ya moto ni nyepesi, sasa ukiwa na bomba refu lililosimama wima, hewa yote ile ya moto iliyomo ndani inavuta kwa pamoja na jiko linapumua vizuri. Bomba linalotoka nyuma ya jiko likaishia ukutani halina wa kulivuta, na upepo ukipiga ule ukuta moshi unarudi sebuleni. Kutoboa ukuta sio kosa, ila likishatoka nje lazima lipande mpaka lipite paa. Kiwango cha NFPA 211, cha shirika la Marekani la kujikinga na moto, ambacho mafundi wengi wanakijua hata nje ya Marekani, kinataka ncha ya bomba iwe juu kwa sentimita 90 kutoka pale linapotokea kwenye paa, tena ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo. Huyo wa kwanza muulize tu ncha yake itakuwa juu kiasi gani, halafu msikilize anavyojibu.

Sasa kwa nini wa pili kapanda darini? Hapa ndo naomba usome polepole. Kuna siku niliitwa kwenye nyumba ambayo jiko lilikuwa linawaka miaka kadhaa bila shida, wenyewe wanalalamika harufu tu kama ya kitu kinachoungua kwa mbali. Tukafungua dari. Ile mbao ya kenchi iliyokuwa imepakana na bomba ilikuwa nyeusi ti, nikaigusa kwa kidole ikamong'onyoka. Haikuwahi kushika moto, ilikuwa inaokwa tu kila jioni, na mbao ikiokwa hivyo muda mrefu inakuja kuwaka kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Fundi aliyelifunga alikuwa amejaza na sufi ya kuzuia joto kwenye ule uwazi, akidhani anasaidia, kumbe ule uwazi ndo kinga yenyewe, hewa inatakiwa ipite pale. Watoto wa nyumba ile walikuwa wanalala chumba cha jirani na hapo. Sijaisahau ile mbao.

Kwa hiyo umbali muulize kwa namba. Bomba la ganda moja kwa kawaida linataka sentimita 45 kutoka kitu chochote kinachoweza kuungua, na halipiti darini kabisa, pale inatakiwa bomba la ganda mbili, yaani bomba ndani ya bomba, ambalo mengi yake yanataka uwazi wa sentimita 5 pande zote. Jiko lisilo na maelezo ya kiwanda, sentimita 90. Likiwa na kitabu chake fuata kitabu, na fundi ambaye hajaomba kukiona hicho kitabu hajaanza kazi bado. Pia sakafu mbele ya mlango iwe ya kisichoungua, sentimita 40 hadi 45 hivi, maana kaa linaruka ukifungua.

Kitu kingine kidogo unaweza kukiangalia mwenyewe kazi ikiisha, maungio ya bomba ndani ya nyumba. Kipande cha juu kinatakiwa kiingie ndani ya cha chini, sio cha chini kuingia ndani ya cha juu. Watu wanafikiria kinyume kwa sababu ya moshi, lakini maji meusi ya masizi yanashuka, na ukiyaunganisha vibaya yanavujia nje ya bomba yakakaukia pale yakinuka. Kila ungio skrubu tatu. Na lisiwe bomba la bati la kuezekea, lile lina zinki na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya kwa kifua.

Kama huyo wa pili ana cheti au leseni ya hii kazi, ana bima, na yuko tayari kuandika kwenye karatasi aina ya bomba, urefu, umbali kutoka kwenye mbao, na kwamba atawasha moto wa majaribio mbele yenu, mchukueni. Msimlipe zote, bakisheni sehemu mpaka huo moto uwake na mwone moshi unapanda. Na waulizeni wanaotoa vibali vya ujenzi mnapoishi, pamoja na kampuni ya bima ya nyumba kama mnayo, kabla ukuta haujatobolewa.

SWALI: Kaka, jiko letu limefungwa mwezi jana. Linawaka vizuri ila tukiwasha feni ya jikoni ya kutoa hewa moshi unarudi ndani. Fundi anasema tutazoea. Mama yangu siku hizi jioni kichwa kinamuuma, na juzi hata mimi. Ni kuni mbichi au nini?

JIBU: Ndugu yangu, usiwashe tena hilo jiko mpaka likaguliwe. Leo hii. Mama apumzike kwenye hewa safi na apelekwe hospitali, na wewe pia, mwambieni daktari kuna jiko la kuni ndani ya nyumba.

Nasema hivyo kwa sababu ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa kuni. Haina rangi, haina harufu, na inashikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua kama kawaida. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na watu wawili nyumba moja kuumwa saa zilezile, halafu mkitoka nje mnapata nafuu, hizo ni dalili zake. Wengi wanadhani ni mafua wanaenda kulala.

Feni inafanya hivi, inatoa hewa nje, na nyumba ikiwa imezibwa vizuri hewa ya kufidia lazima itoke mahali, sasa njia iliyo wazi ni bomba la moshi. Dawa yake ni jiko kuletewa hewa yake kutoka nje kwa bomba maalum, au njia ya hewa ya kudumu ukutani, na fundi alitakiwa aulize habari za feni kabla hajaanza. Nunueni king'ora cha kaboni monoksaidi, kimoja chumba chenye jiko na kingine karibu na mnakolala. "Mtazoea" sio jibu la fundi. Tafuteni mwingine alikague, muandikiwe alichokiona, ndo mrudi kwa wa kwanza na hiyo karatasi.

SWALI: Tuna meko ya zamani ya wazi ukutani, inakula kuni na joto hatulioni. Fundi kasema ataingiza jiko ndani yake na kasehemu ka bomba kaishie shingoni mwa dohani (ile njia ya moshi iliyojengwa juu ya meko), kwamba dohani ipo tayari itafanya kazi iliyobaki. Ni sawa?

JIBU: Nusu sawa. Kubadilisha ni wazo zuri, meko ya wazi inavuta hewa ya chumba na kuipeleka juu pamoja na joto lenyewe. Benjamin Thompson, mwanasayansi yule wanayemwita Count Rumford, aliandika habari hii tangu 1796, akapunguza kina cha meko na kubana shingo ya dohani na moshi ukaanza kutii. Jiko lenye mlango wa kufunga linaenda mbali zaidi ya hapo.

Tatizo ni hako kabomba kafupi. Dohani ya meko ya wazi ni pana sana kwa jiko dogo, moshi ukiingia humo unapoa, unapanda kwa uvivu, na unaganda kwenye kuta kuwa kreosoti, ule utando mweusi kama lami. Ikishika moto humo joto linaweza kuzidi nyuzi 1000 za Selsiasi, na kama matofali yana nyufa moto unaifikia nyumba. Bomba la chuma kisichoshika kutu liende mpaka juu kabisa, na kabla halijaingia dohani ifagiliwe na ichunguzwe kwa kamera. Halafu jiko lisiwe kubwa kuliko chumba, maana utakuwa unalibana hewa kila siku kupunguza joto, na moto uliobanwa ndo unaozalisha kreosoti kwa wingi. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20, pasua kipande upime upande wa ndani sio ganda.

Siku ya kwanza washeni moto mdogo, wa pili mkubwa kidogo, na madirisha yawe wazi, rangi mpya ya jiko itatoa harufu kali ikikomaa. Hiyo inaisha baada ya moto wa pili au wa tatu. Isipoisha mwiteni fundi arudi.