Natumia dawa ya sonona na tunatafuta mtoto: niache lini?

SWALI: Habari za kazi, dokta. Nina miaka 31, naishi Tabata. Nimeugua sonona mara mbili, mara ya pili nikalazwa. Sasa nina mwaka na nusu natumia fluoksetini ya miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi, na niko vizuri: nafanya kazi, nalala, nakula. Mimi na mume wangu tumeamua kutafuta mtoto. Kaka wa duka la dawa ninakonunua ameniambia niendelee kumeza, nikikosa siku zangu nipime, nikikuta nina mimba niache siku hiyohiyo. Wifi yangu anasema dawa za akili zinaleta watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Nifuate lipi?

JIBU: Dada yangu, usiache dawa siku utakayoona mistari miwili kwenye kipimo. Naanza na hilo kwa sababu ushauri huo unatolewa sana kwenye maduka ya dawa, na kwa dawa unayotumia wewe haumkingi mtoto katika wiki ambazo viungo vyake vinajengwa.

Fluoksetini hukaa mwilini kuliko dawa nyingine za kundi lake. Ini huigeuza kuwa nofluoksetini, ambayo nayo hufanya kazi ileile na hukaa muda mrefu zaidi. Aliyeimeza kwa miezi mingi akiacha leo, huchukua takriban wiki 5 mpaka iishe. Sasa piga hesabu. Anayekosa siku zake na kupima mara moja huwa na mimba ya wiki 4 au 5, kwa hesabu ya kliniki inayoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Akiacha hapo, dawa itakuwa bado ipo kwenye damu mpaka wiki ya 9 au 10, na ni katika wiki hizo hizo moyo, mikono na miguu ya mtoto vinajengwa. Kwa hiyo mtoto amekutana na dawa vilevile, na mama amebaki bila tiba. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi utarudi baadaye kidogo, tumbo likiwa tayari kubwa.

Kwa wanaotumia sertralini au paroksetini, dawa nyingine za sonona za kundi hilohilo, shida ni nyingine. Hizo hutoka haraka, na anayeziacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa kukatikakatika na hali kama shoti ya umeme inayopita kichwani. Dalili kadhaa kati ya hizo zinafanana na za mimba changa, basi mama anaambiwa avumilie, ndiyo mimba yenyewe, kumbe mwili unalilia dawa iliyokatwa.

Uamuzi wako, wa kuendelea au kuacha, unatakiwa kufanyika sasa, kabla ya mimba, ukikaa na daktari anayekutibu. Mimi ni mfamasia na yeye ndiye anayejua historia yako yote. Lakini umeniuliza nifuate lipi, na sitakwepa: kwa mtu aliyeugua mara mbili hadi kulazwa, mimi naegemea upande wa kuendelea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wajawazito 201 waliowahi kuugua sonona kali. Walioacha dawa, ugonjwa uliwarudia 68 katika kila 100, walioendelea, 26. Wengi wao walikuwa wameugua zaidi ya mara moja, kama wewe. Aliyeugua mara moja tu, tena kwa wepesi, na akakaa salama muda mrefu, huyo anaweza kupunguza dozi polepole kabla ya kubeba mimba, akisaidiwa na mazungumzo ya tiba na mshauri nasaha.

Ninalisisitiza hili kwa sababu watu huweka dawa kwenye mizani peke yake, upande wa pili wakaacha patupu, wakati upande huo kuna ugonjwa. Sonona isiyotibiwa ina madhara yake kwa mimba: mama hali vizuri, anakosa kliniki, uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati unaongezeka, na baada ya kujifungua wapo wanaofikia kutaka kujiua.

Wifi yako hajazua. Hofu yake ina chanzo cha kweli, ila inahusu dawa nyingine. Valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, husababisha kasoro za maumbile, mgongo wazi ikiwemo, kwa takriban watoto 10 katika kila 100 waliokutana nayo tumboni, na 30 hadi 40 katika 100 huchelewa kukua kiakili. Kabamazepini nayo huongeza hatari ya mgongo wazi. Kwenye kliniki za afya ya akili wanaotumia dawa hizo na wanaotumia ya kwako hukaa benchi moja na kuchukua dawa dirisha moja, ndiyo maana mtaani zote zimekuwa "dawa za akili". Anayetumia valproeti asiikate mwenyewe, kwa kuwa degedege la kifafa linaweza kuua, ila amwone daktari kabla hata ya kuacha uzazi wa mpango.

Kuhusu yako: hata kwa kina mama wasiotumia dawa yoyote, takriban watoto 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa fluoksetini na sertralini idadi hiyo haibadiliki au hubadilika kidogo sana. Baadhi ya tafiti ziliona ongezeko dogo la matatizo ya moyo kwa fluoksetini, nyingine hazikuliona. Paroksetini ndiyo iliyotolewa tahadhari Marekani mwaka 2005 kwa sababu ya moyo wa mtoto, na anayeitumia azungumzie kubadilisha mapema. Usonji pia huulizwa sana. Mwaka 2017 tafiti mbili, za Sweden na Canada, zililinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyekutana na dawa na mwingine ambaye hakukutana nayo, na tofauti iliyokuwa ikihofiwa haikuonekana tena.

Kinachopunguza kweli hatari ya mgongo wazi ni foliki asidi, maikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Mfereji wa uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hata kliniki hawajafika. Vidonge vya FEFO utakavyopewa huko vitakusaidia damu, ila kwa jambo hili vitakuwa vimechelewa. Anza wiki hii.

Je, ubadilishe dawa? Kama fluoksetini ndiyo iliyokuinua, kwangu inatosha sababu ya kubaki nayo. Sertralini ina sifa nzuri zaidi wakati wa kunyonyesha, kwani huingia kidogo sana kwenye maziwa, lakini hakuna anayejua kama itakufaa mpaka uijaribu kwa wiki kadhaa. Ukibadilisha, fanya sasa, ukae salama miezi michache ndipo uache uzazi wa mpango, na uhakikishe kwanza kuwa utaipata kila mwezi kwa bei unayoimudu. Dawa bora inayokatika katikati ya mimba haina maana.

Hukuuliza, na wengi huona aibu kuuliza: dawa hizi zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Kama limekukuta, mwambie daktari. Lina namna ya kushughulikiwa.

Ukishapata ujauzito, kinachotakiwa ni dawa moja kwa dozi ndogo kabisa inayokutosha. Nusu kidonge kisichotibu kinamfikia mtoto na kukuacha wewe ukiumwa. Miezi ya mwisho damu ya mama huongezeka na mwili huzichakata baadhi ya dawa haraka, hivyo wengine huongezewa dozi.

Usiifiche kliniki. Najua kadi inasomwa na wengi nyumbani, lakini mwambie muuguzi hata kwa faragha. Ukiugua malaria, na Dar es Salaam hilo lipo, dawa mseto ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona, kama amitriptilini au sitalopramu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Malaria lazima itibiwe. Daktari akijua unachomeza atapanga namna ya kukuangalia. Tramado kwa maumivu usinunue mwenyewe: ikikutana na fluoksetini inaweza kuleta mtetemeko, homa na kuchanganyikiwa.

Jifungulie hospitali inayoweza kumwangalia mtoto siku za mwanzo. Takriban 30 katika 100 hutetemeka kidogo, hulialia au hunyonya kwa shida, na kwa kawaida hupita ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Tatizo zito la shinikizo la damu kwenye mapafu ya mtoto hupanda kutoka takriban 2 hadi 3 katika kila 1,000. Mkunga ajue pia kwamba uwezekano wa kutoka damu nyingi baada ya kujifungua huongezeka kidogo. Kuacha dawa wiki za mwisho ili kuepuka haya sikushauri, maana wiki zinazofuata uzazi ndizo sonona hupenda kurudi. Unaweza kunyonyesha ukiwa unatumia fluoksetini. Angalia tu kama mtoto analala, ananyonya na kuongezeka uzito.

Nenda na mume wako kwa daktari aliyekuandikia dawa, mbebe na boksi lake. Kama humpati tena, kuna kliniki ya afya ya akili Amana, ambayo kwako ni karibu, na Muhimbili. Mpaka mtakapokubaliana mpango, endelea na kidonge chako cha asubuhi na uzazi wa mpango pia.