Unapokuja Kampala na Kiswahili chako

Mdogo wangu, kama umepata nafasi ya masomo au kazi Kampala na unatoka Tanga kama mimi, au Mombasa, au Dodoma, nitaanza na nyusi.

Siku yangu ya pili mjini niliingia kwenye kibanda pale Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, nikamuuliza kijana muuzaji kama ana maji ya kunywa. Akanitazama, akainua nyusi, akanyamaza. Nikauliza tena. Akainua nyusi tena. Nikatoka nimeudhika, nikiamini nimedharauliwa kwa sababu ya ugeni. Ilipita karibu mwezi ndipo nikaelewa kwamba yule kijana alinijibu mara mbili: ndiyo, yapo. Nyusi zikipanda hapa ni "ndiyo" iliyokamilika. Utaiona kwa konda, kwa karani wa benki, kwa mwanafunzi mwenzako darasani. Basi ukimuuliza mtu jambo, mtazame usoni. Ukiuliza huku umeinamia simu, jibu litakupita.

Nimekaa hapa miaka saba sasa, mitatu nikisoma na minne nikifanya kazi kwenye ofisi ya uhasibu ya shule moja ya msingi. Yapo mambo ambayo ningeshukuru sana kama mtu angeniambia mapema, na zito kuliko yote linahusu hiki Kiswahili chetu.

Sisi wa pwani tumelelewa tukiamini Kiswahili ni lugha ya adabu. Ukitaka kumlainisha mtu, unamwongelesha Kiswahili kizuri. Nikafika Kawempe, mtaa mmoja wa Kampala, kupanga chumba, nikamkuta mama mwenye nyumba ameketi mkekani anamenya matooke, ndizi za kupika, nikamwamkia kwa unyenyekevu wote niliofundishwa: shikamoo mama, samahani kwa usumbufu. Uso wake ukafunga. Akajibu kwa Kiingereza, maneno matatu, akamwita binti yake aje azungumze nami. Kwa wiki nyingi nilidhani hanipendi.

Baadaye, tulipozoeana, alinieleza. Alikuwa msichana wakati wa utawala wa Idi Amin. Kiswahili alichokijua yeye kilikuwa cha wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani: toka, lala chini, lete pesa. Kaka yake alichukuliwa kwenye kizuizi kimoja na hakurudi. Hakuwahi kukisikia Kiswahili kikimpa mtu pole. Amin mwenyewe alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na hilo halikuisaidia lugha. Na si yeye aliyeanzisha mashaka. Jeshi la wakoloni lilikuwa tayari linaamrishwa kwa Kiswahili, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikipinga kwa maandishi, akihofia kitakizima Kiganda. Halafu Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, walioingia pamoja na raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wanajeshi wa Tanzania, nao wakiongea Kiswahili. Wazee hapa bado huwaita bakomboozi, na ukisikiliza vizuri utalitambua neno letu ndani yake. Kwa hiyo mzee mmoja anaweza kukikumbuka Kiswahili kwa hofu na kwa shukrani kwa wakati mmoja.

Hali inabadilika. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na vijana wengi wanakitaka kwa ajili ya biashara na Nairobi. Ukipanda kaskazini hadi Gulu, au magharibi ya Nile kule Arua, utakisikia sokoni bila wasiwasi wowote. Lakini katika Kampala, mbele ya mtu mwenye mvi, usianze nacho. Jifunze salamu za Kiganda kabla hujashuka kwenye basi. Kiswahili kitakuja baadaye, mtu akishajua wewe ni nani.

Na salamu zenyewe ni somo. Asubuhi utaulizwa "wasuze otya", umelalaje. Jioni "osiibye otya", umeshindaje. Ukishajibu, usiondoke. Kuna mguno wa "mmm" unaofuata, wa chini na wa polepole, yeye aguna, wewe uitikie, naye tena. Nilikuwa nikidhani mtu ana jambo la kuniambia anasita. Kumbe salamu ilikuwa bado haijaisha.

Kisha kuna shukrani, jambo ninalolipenda kuliko yote katika mji huu. Kwetu ukimkuta mtu kazini unampa pole: pole na kazi. Hapa utaambiwa "gyebale", yaani ahsante kwa kazi. Jumamosi moja nilikuwa naanika kanga zangu mwenyewe uani, jirani akapita, akaniambia ahsante kwa kufua. Nikasimama na beseni mkononi nikijiuliza nimemfulia nini. Utashukuriwa kwa kupika chakula chako, kwa kutoka sokoni, kwa kusoma usiku. Nimelitafakari sana hili. Mtu hakushukuru kwa sababu umemfanyia yeye. Anakuonyesha kwamba ameiona jasho yako. Jifunze kuitikia "kale, naawe gyebale," nawe uanze kuwashukuru wenzako ofisini. Mimi nililichelewa hili, na najua wapo waliodhani nina kiburi.

Hiyo "kale" usiichanganye na zamani zetu za kale. Hapa maana yake ni sawa, haya, vema, nayo husemwa mara mia kwa siku. Lugha hizi mbili ni ndugu, na undugu huo ndio unaotutega. Siku ya kwanza kazini askari wa getini aliniambia "linda awo." Nikabaki nimesimama pembeni ya geti, nikitazama huku na huku, nikidhani nimeachiwa lindo. Alikuwa ameniambia nisubiri pale. Sokoni mama muuza parachichi alinitajia bei, "lukumi," mimi nikasikia kumi, nikampa noti ya elfu kumi. Akanihesabia elfu tisa, akaniwekea mkononi. Kumi yao ni kumi kama yetu, lakini kikumi ni mia, lukumi ni elfu, na elfu kumi huitwa omutwalo. Kariri haya kabla ya kushika fedha za shule au za mtu mwingine yeyote. Lipo pia neno lao la kawaida kabisa, lenye maana ya kutunza, ambalo masikioni mwetu ni tusi zito. Utalisikia redioni na kanisani. Usishtuke, na tafadhali usicheke.

Saa, angalau, zitakupumzisha. Ssaawa bbiri yao ni saa mbili yetu, huhesabiwa tangu kuche.

Sasa majina, kwa sababu hapa nilikosea vibaya na kosa likawagusa watoto wa watu. Shule yetu hutoa punguzo la ada kwa ndugu wanaosoma pamoja. Mimi, kwa mazoea ya nyumbani, nilitafuta ndugu kwa jina la mwisho. Watoto watatu wa baba mmoja nikawanyima punguzo kwa kuwa kila mmoja ana jina lake, hakuna hata mmoja mwenye la baba. Na watoto wawili wote wakiitwa Kato, wasio na uhusiano wowote, nikawaandika familia moja.

Baba wa wale watatu alikuja ofisini. Hakupaza sauti. Alivuta kiti, akaomba karatasi, akanichorea. Mtoto wa Kiganda ni wa ukoo wa baba, na kila ukoo una hazina yake ya majina, ya kiume mbali na ya kike mbali. Mtoto hupewa jina kutoka humo, si lazima liwe la baba yake. Anayeyajua majina akisikia moja tu hutambua ukoo, na kwa hiyo hujua nani hawezi kuoana na nani. Wao walikuwa wa ukoo wa Mmamba, na kamongo, yule samaki wa matopeni, ni mwiko wao, hawamli. Ndivyo ilivyo kwa watu wa ukoo wa Nsenene pia: Novemba, mwezi ambao kwa Kiganda umepewa jina la senene, wale panzi wanaoliwa, jiji zima likikaanga, wao hawagusi. Ama Kato, hilo ni jina la pacha wa kiume wa pili, wa ukoo wowote. Wa kwanza huitwa Wasswa. Wa kike ni Babirye na Nakato. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kizza. Baba yao hupanda cheo akaitwa Ssalongo, mama Nnalongo. Mama mwenye nyumba wangu ni Nnalongo, na mimi miezi yote ile nilikuwa nimeliandika hilo kwenye risiti zangu za kodi kama jina lake la kuzaliwa.

Nilirudia rejista nzima, mtoto kwa mtoto, nikiwapigia wazazi simu. Kama kazi yako hapa inahusu orodha za watu, iwe hospitali, benki au shule, uliza mzazi ni nani. Usikisie kwa jina. Na ukienda magharibi, Tooro au Bunyoro, utakuta kila mtu ana empaako juu ya majina yake, Abwooli, Akiiki, Amooti na wenzake, majina machache ya heshima yanayotumiwa na watu wote. Salamu bila empaako ni salamu baridi.

Kuhusu kupiga magoti. Utamwona msichana mwenye shahada akipiga magoti kumsalimu shangazi yake, na karani mwenzako akishuka chini kukabidhi chai kwa mgeni mkubwa. Nimelelewa katika nyumba ambayo magoti hupigwa kwenye mswala tu, na sikuweza. Hakuna aliyenilazimisha. Ninachofanya ni kuinama kidogo, mkono mmoja juu ya goti, na wazee wameipokea. Fanya kile ambacho moyo wako unaweza, ila usisimame wima juu ya mzee aliyeketi.

Kanzu nayo ilinichanganya. Nilialikwa kwanjula, siku ambayo bwana harusi mtarajiwa hutambulishwa kwa wakwe, nikakuta wanaume wote wamevaa kanzu na koti juu yake. Nikawatolea salamu za Kiislamu, wakaniitikia kwa upole, halafu shughuli ikafunguliwa kwa sala ya Kikatoliki. Kanzu ililetwa Buganda na wafanyabiashara wa kutoka pwani yetu, waliofika kwa Kabaka Ssuuna katika miaka ya 1840, na sasa ni vazi la heshima la kila dini. Watu wale wale ndio waliokuja na Kiswahili. Vazi lilikaribishwa likawa lao. Lugha ikakutana na bunduki njiani.

Chakula hakitakutesa. Jua tu kwamba mgahawani bei hutajwa kwa mchuzi. Utaulizwa mchuzi gani, nyama, maharage au karanga, na vyakula vyenyewe, matooke, wali, viazi, mihogo, huja pamoja sahani moja. Posho ni ugali. Ukiomba ndizi utapewa vile vidogo vitamu.

Mvua ikinyesha asubuhi, subiri. Kila mtu anasubiri, na hakuna atakayekulaumu. Kwenye takisi, ambayo ni daladala, ukitaka kushuka sema "maaso awo," hapo mbele.

Desemba iliyopita mama yangu alikuja kunitembelea. Nilimtahadharisha njia nzima kwa simu: mama, usimwanze Nnalongo kwa Kiswahili. Alipoingia uani, Nnalongo alishuka akapiga magoti kumpokea mgeni wake. Mama, kwa mshtuko wa kuona mtu mzima mwenzake chini, naye akajikuta mkekani, akasahau yote niliyomfundisha, akamshika mikono akasema, "Shikamoo dada, ahsante kwa kunitunzia mwanangu." Nikashikilia pumzi. Nnalongo akamtazama kitambo, akainua nyusi, akasema, "Marahaba."

Mama akanigeukia akaninong'oneza, "Mbona ananishangaa?"