Mjomba wa Runinga: Rimoti ashike nani?

Mjomba habari. Sisi ni kikundi cha watu kama 15 hivi hapa Nyalenda, Kisumu, tunapenda tamthilia sana. Kila Jumamosi jioni tunakutana kwa hoteli ya mmoja wetu, tunaangalia episodi mbili halafu tunazima TV tunaanza kujadili. Mwanzoni ilikuwa tamu. Siku hizi kuna jamaa ameshamaliza yote kwa simu anatuambia nani atakufa, kuna wengine wawili hawaachi mtu amalize sentensi, na juzi mmoja akaanza kutusi kabila la mwigizaji mpaka watu wakasimama na chai ikamwagika. Mimi ndio naitwa chea lakini kufukuza mtu naogopa, wengine ni majirani na huyo wa matusi ni shemeji yangu. Nifanyeje? – Chea Mchovu, Nyalenda

Pole mpwa wangu, na hongera pia, maana kuwaleta watu 15 pamoja Jumamosi bila siasa na bila harusi si mchezo. Hao watu wanne usiwalaumu sana. Mlianza mkiwa wachache mnaelewana kwa macho tu, sasa mmekuwa wengi na hakuna siku mlikaa mkakubaliana nini kinaruhusiwa na nini hapana. Kaeni mkubaliane Jumamosi hii kabla TV iwashwe, na sheria ziwe chache kiasi kwamba hata anayekuja mara ya kwanza anaambiwa pale mlangoni na anashika.

Ya kwanza ni ya huyu wa simu. Mnaongea mpaka pale mlipofika leo, basi. Aliyeona mbele anakaribishwa lakini haruhusiwi hata kuguna, kwa sababu kuna wale hawasemi kitu ila wanatoa ile "mmh, ngojeni tu" na hapo kila mtu ameshajua kuna jeneza linakuja. Akishindwa kujizuia aende nje anyooshe miguu. Na nyinyi wenyewe mwisho wa episodi zimeni kabla ya vile vipande vya kuonyesha yanayofuata, au mpige kura mara moja kama mnataka kuviona, maana nimeona watu wakigombana kwa hilo kuliko hadithi yenyewe.

Hao wawili wa kukatiza wenzao: TV ikishazimwa rimoti haina kazi, ipe kazi. Anayeshika rimoti ndiye anaongea, akimaliza anampa mwingine, na si lazima ampe rafiki yake wa karibu. Najua inasikika ya kitoto, ijaribu. Wewe kama chea ongea mwisho, kwa sababu chea akishasema yule dada hajui kuigiza, nusu ya chumba itakubali tu ndio mambo yaishe. Halafu usianze na "mmeonaje?", utajibiwa "poa" na kimya. Uliza kitu chenye mikono na miguu, kwa mfano, ungekuwa wewe ndio mama ya yule msichana, ungemfungulia mlango usiku ule? Hapo hata wale wanaokaa kona ya nyuma na simu wataamka.

Sasa la kabila, na hapa sibembelezi mtu. Sisi Wakenya tumelelewa na vichekesho vya lafudhi, tangu enzi za Vitimbi na Vioja Mahakamani kule KBC, kwa hivyo mtu kusema mwigizaji ameigiza Mluhya kwa kuongeza chumvi mpaka haaminiki, huo ni uhakiki na muuache uendelee. Lakini kutoka hapo mtu akaingia "watu wa kabila hilo wote ni..." anakatwa hapohapo kabla amalize, na hakuna kumjibu wala kujadili kama ana haki. Tena si adabu tu, kuna sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008, matamshi ya chuki ya kikabila yanaweza kukupeleka kortini ulipe faini isiyozidi shilingi milioni 1 au ufungwe kwa muda usiozidi miaka 3, au vyote viwili. Mweleze shemeji hilo.

Ila usimweleze wewe. Huku kwetu shemeji humkaripii mbele za watu, na ukimkaripia nyumba yako ndiyo italipa. Tafuta naibu, mtu mzima ambaye hana udugu na yeye, ikiwezekana mama mwenye heshima zake, amwite pembeni kabla ya kikao amwambie kwa upole. Akirudia, anakaa nje Jumamosi moja. Akirudia tena basi, amejitoa mwenyewe. Na kipimo hicho ndicho kitumike kwa jirani, kwa mwenye hoteli, hata kwako, kwa sababu nakuhakikishia wote 15 wanangojea kuona utamfanya nini shemeji, ukimpita kimya hakuna mtu atakusikiliza tena.

Kingine hujauliza lakini nakuambia: Oktoba ikiisha Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, zile mechi za saa kumi na moja jioni zinakuwa saa kumi na mbili mpaka mwisho wa Machi. Kama kikao chenu kinaanza saa hizo ongea na mwenye hoteli mapema, watu wa mpira wanaagiza soda na chapati nyingi kuliko nyinyi mnaokaa na kikombe kimoja masaa matatu.

Mjomba, ninaishi Amalemba, Kakamega, natumia king'amuzi cha antena, zile stesheni za bure. Mvua ikinyesha tu jioni picha inakatika vipande vipande inaganda, asubuhi iko sawa. Fundi anasema ninunue king'amuzi kipya. – Mwalimu Mstaafu

Mwalimu, weka pesa mfukoni kwanza. Angekuwa mtu wa dishi ningesema ni mvua yenyewe, maana mawimbi ya setilaiti yanamezwa na mvua kubwa njiani. Haya ya antena ya kawaida mvua haiyasumbui sana. Kama picha inakufa kila ikinyesha, mara nyingi maji yameingia mahali, na Kakamega mvua ya mchana si mgeni, kwa hivyo hayo maji yanapata nafasi karibu kila siku.

Panda, au mpandishe kijana, mfungue pale waya unapofungwa kwa antena. Ukiona kutu ya kijani au waya umekuwa mweusi, kata kipande mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, weka kichwa kipya, kifunge vizuri kwa tepu ya mpira isiyopitisha maji. Kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie chini kidogo kama tumbo, maji yadondokee hapo nje badala ya kufuata waya mpaka nyuma ya king'amuzi. Angalia pia kama nguzo inacheza na upepo, na kama mparachichi wa jirani umekua ukaziba njia, majani yaliyolowa yanazuia mawimbi kuliko makavu.

Enzi za analogi picha ilijaa chenga lakini habari ya saa moja uliisikia hadi mwisho. Tangu ile mitambo izimwe 2015, wakati Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki 3 watu wakalia, mambo ni mawili tu, picha safi au hakuna. Kwa hivyo unaweza kuwa kwenye ukingo miezi mingi bila kujua, mpaka maji kidogo yakusukume. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi uangalie ile mistari ya nguvu na ubora wa mawimbi siku ya jua, halafu siku ya mvua. Ubora ukianguka sana, fundi alikuwa anataka tu kuuza.

Mjomba, nalea wajukuu Kiamunyi, Nakuru. Wanakaa kwa TV mpaka saa nne usiku, mama yao akirudi anasema nawaharibu. Kuna saa serikali imeweka ya watoto ama ni maneno tu? – Nyanya

Iko, Mama. Kanuni za utangazaji zinataka kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku stesheni zionyeshe vitu ambavyo familia nzima inaweza kukaa ikatazama, vya wakubwa vingoje baada ya hapo. Utaona pia alama za bodi ya filamu pale kwa kioo: GE ni ya kila mtu, PG mzazi awe karibu, halafu 16 na 18 ni umri. Lakini hiyo saa nne ni ya stesheni, haikuwekwa kama saa ya kulala watoto wa shule. Na kama king'amuzi chako kina sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri, muombe kijana wa jirani akuwekee. Hiyo namba usiiandike kwa ukuta karibu na TV, wajukuu wanajua kusoma.