Loki za kadi za kuficha ndani ya kabati: soma hii kabla hujamwita fundi

Watu wakija nyumbani wakaona kabati la dawa linafunguka kwa kugusisha kadi tu kwenye mbao, wanataka na wao, na mimi nawaunga mkono kabisa, hasa kama kuna mtoto ambaye ameanza kutembea na kupanda panda au kuna mzazi mzee anayemeza dawa kila siku. Ila kuna mambo ambayo muuzaji hakwambii, na kubwa kuliko yote ni hili: kabla hujafunga huo mlango kwa mara ya kwanza uwe unajua utaufungua vipi siku betri zikiisha. Mengine yote yanarekebishika, hilo lisiposhughulikiwa mapema ndo utakuja kuvunja kabati.

Kwa wasiozijua, ni kiboksi cha plastiki kinachotosha kiganjani, kinakaa ndani ya kabati, kina betri, kamota kadogo na ulimi unaoshika ndoano iliyofungwa upande wa pili. Kina koili inayotoa usumaku kidogo unaopenya mbao. Kadi yenyewe haina betri, ukiisogeza inachukua nguvu kwenye ule usumaku na kutuma namba yake, loki ikiitambua ile namba inavuta ulimi na unasikia mlio. Nyingi za sasa zinatumia masafa ya mawimbi ya 13.56 MHz, zile za zamani 125 kHz, kwahiyo ukinunua kadi za akiba hakikisha ni za masafa ya loki yako maana kwa macho zinafanana kabisa. Na ili isimalize betri, loki inalala na kuamka kila baada ya muda mfupi kucheki kama kuna kadi, ndo maana ukiipitisha haraka haraka kama unapunga mkono haifunguki, unatakiwa uishikilie palepale sekunde moja au mbili.

Mtu atauliza kwani kufuli la kawaida lina shida gani. Shida yake ni kwamba funguo inaishia kwenye msumari ukutani au juu ya friji, na mtoto anakuangalia kila siku unapoichukua, siku ukiwa bafuni anavuta stuli. Hii ya kuficha haimpi kitu cha kuchezea, haoni tundu, anavuta mlango haufunguki anaondoka zake.

Na niseme ukweli nilichokuwa naogopa mimi ni dawa, kuliko hata wezi. Kwetu bi mkubwa ana sukari na presha. Vidonge vya sukari vya aina ya glibenclamide, kimoja tu kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo mpaka akapoteza fahamu. Vile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, vyekundu, vinang'aa, mtoto anaona pipi, na madini ya chuma yakizidi yanaharibu tumbo na ini. Na mafuta ya taa jamani, bado kuna nyumba yanawekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya sinki, mtoto ametoka kucheza ana kiu. Hicho ndo kitu cha kufungia kwanza, vyeti na hela vitafuata. (Ikitokea mtoto kameza, usimtapishe, usimpe maziwa, kimbia hospitali na chupa au pakiti yenyewe mkononi wajue ni nini.)

Sasa kufunga. Jambo la kwanza ni kabati lako limetengenezwa na nini. Siku hizi makabati mengi ya jikoni mjini ni ya alumini, na hapo hii loki imegoma, chuma na alumini vinaziba ule usumaku, hata ubao wa plastiki uliobandikwa bati jembamba la alumini juu yake ni hivyo hivyo. Mlango wa kioo cha kawaida hauna tatizo kusoma ila loki itaonekana, na mlango wenye kioo cha kujitazamia jaribu kwanza maana nyuma ya kile kioo kuna utando wa madini. MDF na chipbodi, yaani zile mbao za kiwandani, za mm 16 au 18 zinasoma vizuri sana. Mbao ngumu, mninga au mkongo, shida sio mbao, ni unene. Mafundi wetu wanapenda mlango wa inchi moja, ambayo ni kama mm 25, na hapo loki nyingi ndo zinafika mwisho wa uwezo wake. Ujanja ni kwamba mlango wa fremu na paneli ile paneli ya katikati ni nyembamba kuliko fremu, kwahiyo kama loki yako ina antena ya waya (ile koili ikiwa nje ya kiboksi) ibandike nyuma ya paneli na mwili wa loki ukae kwenye fremu. Kabla ya skrubu hata moja shikilia loki kwa mkono nyuma ya mlango, mtu mwingine aguse na kadi kwa mbele, mtafute pale inaposoma bila kusita. Mwenyewe weka alama ya penseli, baadae unaweza kuchagua doa au jicho la mbao lililo karibu ndo likawa alama yako ya kudumu.

Kifurushi kinakuja na dabo tepu na skrubu. Dabo tepu nzuri kwa kujaribia, safisha kwanza na spiriti, ila kwa Dar na joto lake na unyevu wa pwani usiitegemee peke yake, gundi inalainika, loki inateleza milimita mbili tatu, ulimi hauoni tena ndoano au mbaya zaidi unaingia na kukwama. Baada ya kuona inafunga na kufungua vizuri weka skrubu. Pima urefu wake! Ubao wa mm 18 usiweke skrubu inayozidi nusu inchi maana fundi akikaza na drili inatokea upande wa pili, na uzuri wote wa loki ya kuficha umeishia hapo. Kwenye chipbodi anza na tundu dogo la biti ya mm 2 na ukaze kwa bisibisi ya mkono, ukikaza kwa nguvu unga wa mbao unasagika na skrubu haishiki tena.

Ndoano na ulimi viachiane nafasi ndogo, sio vibanane. Mlango ukiwa umebana, ile mota ndogo inashindwa kuvuta ulimi kwa sababu umekandamizwa, utasikia mlio wa kufungua lakini mlango hautoki, na watu wanadhani loki mbovu. Usukume mlango kidogo kwa ndani huku umeshika kadi, utafunguka, kisha legeza ndoano. Na kama bawaba zako zimechoka mlango umelala upande mmoja, tengeneza bawaba kwanza, usihangaike na loki.

Kusajili kadi ni rahisi, kuna kitufe ndani, unabonyeza, taa inawaka, unagusisha kadi. Hapo hapo ndo kuna udhaifu wake, yeyote aliyekuta mlango uko wazi anaweza kusajili kadi yake kimya kimya. Na kwenye loki nyingi za bei ya chini kadi moja ikipotea huwezi kuifuta peke yake, unafuta zote unaanza upya, kwahiyo zihesabu na ujue kila moja iko kwa nani.

Haya, betri. Hakikisha ni alkaline, zenye 1.5 V. Zile za bei poa za redio zinaendesha saa ya ukutani vizuri tu ila mota inahitaji umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, pale ndo zinaposalimu amri. Za kuchaji ni 1.2 V, kwa loki ya betri nne zinakupa 4.8 V badala ya 6, loki inaanza kulalamika betri ndogo wakati umetoka kuzijaza. Zikichoka loki inapiga mlio tofauti au taa nyekundu, na huo mlio mtu anausikia leo anasema kesho nitabadilisha, usifanye hivyo, badilisha siku hiyo hiyo, zote kwa pamoja, usichanganye mpya na ya zamani. Hata kama hazijalalamika, mi nafungua kila mara nikipata nafasi kuangalia kama zimeanza kuvuja, kwa unyevu wa huku springi zinapata kutu ya kijani.

Na njia ya dharura. Nunua ile yenye sehemu ya USB, afu pitisha waya kutoka ndani ya kabati uishie mahali unapafikia ukiwa nje, nyuma ya kabati au chini yake, ili betri zikifa uchomeke pawabenki na kadi ifanye kazi. Kuinunua yenye USB halafu tundu lenyewe likabaki ndani ya kabati lililofungwa hakuna ulichofanya. Ijaribu mlango ukiwa wazi, betri zimetolewa kabisa, kwa sababu kuna pawabenki zinazojizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo. Kama loki yako haina USB, mwambie fundi ile plaiwudi ya nyuma aifunge kwa skrubu badala ya misumari na kabati lisigande na ukuta, utapitia huko. Wenye bawaba za zamani zinazoonekana kwa nje mna bahati, mnafungua bawaba, lakini mjue na mwizi mwenye bisibisi ana bahati hiyo hiyo. Hii sio sefu. Mtu mwenye dhamira na mtaimbo anaingia, kwahiyo dhahabu na hati ya nyumba usizikabidhi kwa kiboksi cha plastiki.

Kuna sehemu nakataza kabisa: kabati kubwa la nguo ambalo mtoto anaenea. Hizi loki zinajifunga zenyewe mlango ukirudi, watoto wanacheza kombolela, mmoja anajificha ndani na ndani hakuna kadi. Funga droo, funga kijisehemu cha juu, sio mlango wa kabati zima.

Pia usifungie kitu kinachotakiwa kwa sekunde. Pampu ya pumu ikae nje, juu, mahali kila mtu mzima anapajua. Na watu wazima wa nyumba waambiwe, wote, akiwemo dada wa kazi. Yeye ndo anashinda na mtoto, mtoto akipata homa saa nane mchana wewe uko kazini dawa ya homa iko nyuma ya mlango ambao hajui unafunguliwaje, itakuwaje? Mpe kadi yake na umuonyeshe. Kama humwamini kiasi cha kumpa kadi ya kabati la dawa, mtoto unamwachiaje?

Kwa chini ya sinki, pale kwenye jiki na sabuni, loki ya kadi naona ni gharama bure. Kuna zile za sumaku, hazina betri hata moja, unaweka kile kipande cha sumaku kwa nje inaachia, bei chini sana na maji yakivuja hakuna cha kuungua. Kadi iache kwa dawa.

Na kwa waliopanga, ukihama ng'oa loki yako uende nayo, yale matundu ya skrubu changanya unga wa msumeno na gundi nyeupe ya mbao, jaza, acha likauke usiku mzima, piga msasa. Kama kabati ni la mwenye nyumba basi muombe ruhusa kabla hujatoboa.