Ukitafuta mahali mtandaoni, anza barazani

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilichagua kuchora ramani ya visima vya Kisauni, Mombasa. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Marere, Baricho na Tiwi. Yakikatika, watu hurudi visimani, nami nilitaka kujua visima hivyo viko wapi na nani anavitegemea. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili, nitafute kwenye intaneti, nipakue data, nichore. Ilinichukua miezi mitano. Nakuandikia wewe unayeanza utafiti wa namna hii ili usipoteze muda palepale nilipoupoteza mimi.

Kilichonichelewesha zaidi ni majina. Niliandika "Kisauni" nikaletewa pia Kisauni ya Unguja, kule kwenye uwanja wa ndege. Majengo iko kwetu, iko Nairobi, iko Moshi. Makadara tunayo, Nairobi nao wana yao. Bondeni ipo hapa, na Nakuru ipo. Mtandao haujui umekusudia ipi. Hukisia kwa kuangalia ulipo na walichokitafuta wengine. Basi usiandike jina peke yake. Liandike pamoja na jirani yake: "Majengo Mwembe Tayari Mombasa" italeta yaliyo ya kwetu upesi kuliko "Majengo" tupu.

Tena majina hubadilika. Ripoti za zamani zinataja Salim Road, ambayo leo ni Digo Road, na Kilindini Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Ukitafuta kwa jina la sasa tu, karatasi zote zilizoandikwa kabla ya hapo zitakupita. Andika daftarini kila jina la mahali pako, la zamani na la sasa, la serikali na la mtaani, kabla hujafungua kompyuta.

La mtaani hulipati popote ila kwa watu. Kuna kisima nilichokiandika kwa jina la msikiti ulio karibu, kwa kuwa ndivyo nilivyokikuta kwenye data. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi barazani akanisikia nikilitaja, akaniita. "Mwanangu, hicho wenyewe twakiita Kisima cha Mkwajuni. Ukiuliza hilo jina lako, hakuna atakayekuonyesha." Aliniambia kweli. Siku tatu nilikuwa nikiulizia kwa jina lisilojulikana na mtu, na nikiamini kwamba watu hawataki kunisaidia. Kutoka siku hiyo nilibadilisha utaratibu wote: asubuhi barazani, jioni mtandaoni.

Kisha nikaja kwenye namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, na hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Mombasa iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake ina alama ya kutoa: takriban -4.05, na longitudo 39.67. Nilipoingiza orodha yangu bila ile alama, visima vyangu vyote vilihamia kusini mwa Ethiopia. Nilipoirudisha alama nikageuza mpangilio, longitudo ikakaa mahali pa latitudo, vikatokea Hispania, kusini mwa mji wa Toledo. Makosa kama hayo ni afadhali, kwa sababu unayaona papo hapo. Yanayoumiza ni madogo. Nyuzi 4 na dakika 3 si 4.03, ni 4.05, kwa sababu uzi mmoja una dakika 60. Ukichanganya hayo umekosea zaidi ya kilomita mbili, na nukta bado iko Mombasa, kwa hiyo hutashtuka.

Lililonikosesha usingizi ni la ramani za zamani. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa upimaji (yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho namba hizo huhesabiwa kwacho) uitwao Arc 1960, na GPS ya simu yako inatumia msingi mwingine, WGS84. Namba za msingi mmoja ukizisoma kwa msingi wa mwingine, hapa kwetu nukta husogea karibu mita 300. Visima vyangu kadhaa viliangukia kwenye mikoko. Nilikuwa karibu kuandika kwamba ramani ile ina kasoro, kumbe ilikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya. Tazama maandishi madogo pembeni mwa ramani, msingi wake umeandikwa pale, kisha ubadilishe kwa QGIS, ambayo ni programu ya ramani ya bure.

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea, ilinisaidia kuliko nyingine zote, kwa kuwa data yake unaipakua na unaona kila kitu kilihaririwa lini. Angalia hizo tarehe. Kisima kilichoandikwa miaka kumi iliyopita huenda leo kimefukiwa. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure pia, lakini kila nukta ya picha hufunika mita 10 kwa 10 za ardhi, kwa hiyo usitarajie kuona kisima humo.

Kilicho uani mwa mtu usikiweke kwenye ramani ya umma bila ruhusa yake. Mimi niliomba kila nyumba, na waliokataa nimewaacha nje.

Kazi ilipokwisha nilirudisha majina kwenye OpenStreetMap, maana ina nafasi ya jina kuu, jina mbadala na jina la zamani. Nikaenda kumwonyesha yule bibi. Mjukuu wake akaandika "Kisima cha Mkwajuni", nukta ikatokea kwenye simu. Bibi akaitazama kwa makini, akaniuliza mbona nimekiweka upande huu wa njia na kisima kiko upande ule. Nikaketi palepale barazani nikakisogeza.